Kabla ya Kujibu Shairi

Katika shule yetu hapa Msanzi wapo wanafunzi wapendao kutunga mashairi, na wapo wengi zaidi wapendao kuyajibu mashairi ya wenzao. Kujibizana ni mchezo mzuri na wa kale. Lakini baadhi ya vijana wameniuliza kwa nini katika chama chetu cha washairi jibu halibandikwi ubaoni siku ile ile lilipoandikwa. Naona yafaa nianze mbali kidogo.

Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, nalo lilitoka mara moja kwa mwezi. Watu wa pande nyingi za Tanganyika walilipelekea mashairi. Mmoja aliuliza swali kwa shairi, mwingine akamjibu, wa tatu akawakosoa wote wawili. Sasa fikirini habari ya mshairi aliyekaa Ufipa. Kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Akikasirishwa na shairi, ilimpasa kutafuta karatasi na wino, atunge, anakili upya kwa mwandiko safi, anunue stempu, kisha angoje. Hasira ilipata nafasi ya kupoa njiani, na kama haikupoa, mhariri alikuwapo. Siku hizi ujumbe wa simu hufika kabla mwandikaji hajavuta pumzi, na hata akiufuta, aliyeusoma amekwisha usoma.

Tena jibu lenyewe lina kazi. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alizieleza kanuni katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilichotoka mwaka 1954. Shairi la kawaida lina mistari minne kila ubeti, na kila mstari una mizani 16, yaani 8 na 8. Ajibuye kwa desturi hufuata bahari ya mwenziwe. Basi mtu anayehesabu mizani kwa vidole hulitazama neno lake mara ya pili na ya tatu, apende asipende.

Walakini msidhani mizani peke yake itamzuia mtu kutukana. Tazameni mstari huu:

Nakujibu we mjinga, neno lako silitaki.

Hesabuni: 8 na 8, haupungui wala hauzidi. Tusi limekaa barabara. Sasa tazameni huu:

Nakujibu kwa kupinga, neno lako silitaki.

Kina ni kile kile na mizani ni ile ile. Lakini mstari wa kwanza unampiga mtu, na wa pili unalipiga neno lake. Aliyepingwa neno aweza kuleta hoja. Aliyeitwa mjinga atajibu nini, ila kurudisha tusi au kunyamaza?

Nasema haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilimnyamazisha mtu. Nilipokuwa mwanafunzi, mbali na hapa, mwenzangu mmoja alibandika shairi juu ya kuchagua viranja. Alitusihi tusimpigie mtu kura kwa sababu tu ametoka kijiji chetu. Vina vyake vya mwisho vilikuwa "ra", naye pale palipotakiwa "kura" akaandika "kula", maana kwao l na r hazitengani, kama ilivyo kwa wengi wetu ambao Kiswahili si lugha ya kwanza ya nyumbani. Kosa lilikuwapo, na kina kiliharibika. Mimi katika muda wa nusu saa nikaandika beti tatu za kumwuliza kama anatafuta kiongozi au anatafuta sufuria ya ugali. Bweni zima lilicheka.

Hakubandika shairi tena mpaka tulipomaliza shule. Na lile neno lake la kura hakuna aliyelijibu. Tulimchagua kijana wa kijiji chenye watu wengi, kama alivyotuonya. Kama ningalilala na karatasi yangu usiku mmoja, nadhani ningaliona kwamba kosa lake lilitaka herufi moja tu kusahihishwa, na kumnong'oneza kungalitosha.

Wako watakaosema kwamba washairi wa kale hawakuogopa maneno makali. Ni kweli. Wakati wa vita vya Kuduhu huko Shela, yapata mwaka 1812, washairi wa Lamu na wa Mombasa walirushiana mashairi, Muyaka bin Haji wa Mombasa akiwa mmojawapo. Lakini wale walikuwa vitani, na upande wa Mombasa ulishindwa. Mashairi hayo yalitolewa katika kitabu mwaka 1995, na sasa yasomwa na watu wanaojua mwisho wa vita ulivyokuwa. Sisi twagombania vina.

Hiyo ndiyo sababu ya lile sanduku la mbao. Jibu hutiwa humo jioni. Kesho yake mwenyewe hulitoa, hulisoma kwa sauti akiwa peke yake, kisha huamua kulibandika, kulirekebisha au kulichana, na hapana amwulizaye. Walimu nao wamo. Juma lililopita nilitia humo jibu langu kwa mwalimu mwenzangu ashikiliaye kwamba mashairi yasiyo na vina si mashairi, ubishi uliopamba moto tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974. Asubuhi nililitoa, nikaufuta ubeti wa tatu. Beti zilizobaki ziko ubaoni, naye ameahidi kuzijibu.