Mungu wa Vita Hakuwako

Nilipofika Huruma, mjini Eldoret, nilidhani nitaonyeshwa masanamu. Nikamwuliza mzee mmoja wa Kinandi: "Mzee wangu, mungu wenu wa vita alikuwa nani?" Maana Waazteki wa Meksiko walikuwa naye, Huitzilopochtli, wakimchinjia mateka.

Mzee akacheka. "Hatukuwa naye, mwanangu. Babu zetu walimwomba Asis alfajiri, wakielekea jua lichomozapo."

Lakini vijana hawakutoka vitani bila ya idhini ya orkoiyot, naye akipewa fungu lake la ng'ombe waliotekwa. Mtu huyo, basi, si mungu! Koitalel arap Samoei alikuwa mmoja wao. Mwingereza Meinertzhagen alimwua tarehe 19 Oktoba 1905, walipokutana kwa mazungumzo ya amani.

Sanamu sikuliona hata moja.