Wabaptisti Wanaamini Nini?

Watoto wetu husoma darasa moja na Wakristo, na hurudi nyumbani na maswali. Mzazi akimkemea mtoto, swali halifi. Litatafuta jibu kwingine.

Wabaptisti walianza mjini Amsterdam mwaka 1609, kwa kundi la Waingereza lililoongozwa na John Smyth. Kwao Biblia ndiyo hoja ya mwisho katika dini, na kila kanisa hujiendesha lenyewe. Hawabatizi watoto wachanga: mtu hukiri imani mwenyewe kwanza, kisha huzamishwa mwili mzima majini. Ubatizo ni alama tu. Wokovu, wanasema, ni kwa kumwamini Yesu aliyekufa msalabani kwa dhambi za watu. Na husema Mungu ni mmoja katika nafsi tatu.

Hapo ndipo tunapoachana. Allaah ni Mmoja, hana mshirika wala mwana. Nabii 'Iysaa ('alayhis-salaam) ni Mtume Wake, na hakusulubiwa. Hakuna abebaye dhambi ya mwingine. Mja hutubia kwa Mola wake moja kwa moja.

Mwelezeni mtoto haya kwa upole, na jirani zungumzeni naye kwa njia iliyo nzuri, kama tulivyoamrishwa katika Suurat Al-'Ankabuut, aya ya 46.

Wa Allaahu A'lam.