Nani Amebweka? Kazi Ngumu ya Mkanda wa Umeme

Nyumba mbili zimepakana, na kila moja ina mbwa. Yule wa kushoto amemwona paka juu ya ukuta na anabweka kwa nguvu zote. Yule wa kulia amejilaza kimya, ila shingoni amevalishwa mkanda wenye maikrofoni na betri. Maikrofoni inasikia mbweko, mtambo unatii agizo lake, na aliyelala anazinduliwa kwa shoti ya umeme kwa kosa la jirani. Kila fundi wa mikanda ya kuzuia mbweko hukutana na tatizo hili mwanzoni kabisa, na nadhani limekula akili nyingi kuliko umeme wenyewe.

Mjadala kuhusu vifaa hivi hukimbilia kwenye ukatili: je, ni haki kumpiga mbwa shoti? Swali ni halali na nitalifikia. Lakini asiyejua kifaa kinavyofanya kazi atalijibu kwa hasira au kwa ushabiki, kwa sababu shoti ya nguvu ileile huweza kuwa kero ndogo kwa mbwa mmoja na balaa kwa mwingine. Mengi hutegemea kile ambacho mkanda unakijua kuhusu mbwa aliyeuvaa.

Walioanza kuitumia mikanda ya umeme kwa wingi, ile ya kuendeshwa kwa mkono na si ya kuzuia mbweko, ni wawindaji wa Marekani. Mbwa wa kuwinda akishatoka mbio mita mia kadhaa kumfuata mnyama asiyetakiwa, filimbi haimfikii wala hajali jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kampuni ya Tri-Tronics ya Tucson, Arizona, ilikuwa miongoni mwa zilizoanza kuwauzia kisambaza mawimbi cha mkononi na kipokezi cha shingoni. Vifaa vya zama hizo vilikuwa na kasoro ambayo leo inashangaza: mwenye mbwa hakuweza kubadili nguvu ya shoti akiwa mbali. Ili kuipunguza au kuiongeza ilibidi amwite mbwa na kubadilisha vichomeko kwenye mkanda wenyewe. Huko porini, mbwa mwoga aliyekosea mara ya kwanza na yule sugu walipata kipigo kimoja. Tena mawimbi ya redio ya kifaa kingine yaliweza kuuamsha mkanda pasipo mtu kubonyeza chochote. Maendeleo mawili yaliyofuata, kuhamishia kidhibiti cha nguvu kwenye rimoti na kuipa kila rimoti msimbo wake wa kidijitali, hayasisimui kuyasimulia, lakini sidhani kama kuna mengine yaliyowapunguzia mbwa maumivu kiasi hicho.

Na shoti yenyewe ni nini? Betri ndogo ya volti chache hulisha koili inayopandisha volti, kisha umeme hutoka kwa mapigo mafupi ya milisekunde chache kupitia ncha mbili za chuma zinazogusa ngozi. Watafiti wa Uingereza waliopima mikanda ya sokoni na kuchapisha matokeo mwaka 2013 walikuta kwamba kiwango cha juu kabisa kilifikia volti 6,000 pale ukinzani ulipokuwa omu 500,000, lakini kilishuka hadi volti 100 ukinzani ulipokuwa omu 5,000. Kwa hiyo anayetangaza mkanda wake kwa idadi ya volti hakuambii kitu, maana shingo yenye manyoya makavu na shingo iliyolowa mvua haziupokei umeme kwa namna moja. Nishati ndiyo kipimo chenye maana zaidi, na hapo ndipo pa kutia shaka: kati ya mkanda mmoja na mwingine, pigo kali kuliko yote lilianzia takriban milijuli 3 na kuvuka milijuli 280. Namba 5 kwenye mkanda wa kampuni moja huenda ni mara kadhaa ya namba 5 kwenye wa kampuni nyingine.

Nikiwa hapohapo kwenye ncha za chuma: vidonda vya shingoni ambavyo wenye mbwa huviita vya kuungua, mara nyingi ni vya kubanwa. Ncha zikikandamiza sehemu moja ya ngozi kutwa nzima, damu haipiti vizuri na ngozi hufa. Ndiyo sababu vitabu vya maelekezo husema mkanda usivaliwe zaidi ya saa 8 hadi 12 kwa siku. Mkanda wa plastiki wenye ncha hizo, hata betri ikiwa imekwisha, unaweza kumtia mbwa kidonda.

Sasa turudi kwa yule aliyelala. Suluhisho la kwanza lilikuwa kuacha kusikiliza hewa na kusikiliza koo. Kihisi kidogo cha mtetemo kikigusa shingo, hutambua mtikisiko wa zoloto ambao mbwa wa jirani hawezi kuusababisha. Lakini mtetemo nao hudanganya: mbwa akijikuna, akigonga mkanda kwenye bakuli la chakula au akitikisa kichwa, kihisi hutetemeka vilevile. Wabunifu wakaunganisha mashahidi wawili, maikrofoni na kihisi cha mtetemo, na mtambo ukaagizwa usifanye lolote mpaka wote wawili wakubaliane kwa wakati mmoja. Wengine wakaongeza kichujio cha masafa ya sauti ili mlio wa chuma au wa mlango usipite, na hesabu ya muda, kwa kuwa mbweko una urefu wake na ngurumo fupi ya kikohozi ina wake.

Likabaki tatizo baya kuliko yote. Mbwa akipigwa shoti hulia, na kilio hicho hutoka koo lilelile kikiwa na mtetemo uleule. Mkanda usio na tahadhari hukihesabu kuwa mbweko mwingine na kumpiga tena, naye hulia tena. Kinga yake ni kipindi cha kuziba masikio baada ya kila pigo, pamoja na kikomo: mapigo yakifika idadi fulani ndani ya muda mfupi, mtambo hujizima kwa dakika kadhaa. Ukimkuta mfanyabiashara anauza mkanda wa bei ya kutupa na hawezi kukueleza kama una kikomo hicho, mwachie.

Si kila mkanda hutumia umeme. Kuna inayorusha mvuke wa mafuta ya sitronela, mmea wa jamaa ya mchaichai wetu, mbele ya pua ya mbwa. Binadamu huipenda harufu hiyo, mbwa hukerwa nayo, na mlio wa ghafla wa mvuke humkatisha alichokuwa akikifanya. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, jaribio lililochapishwa mwaka 1996 lililinganisha mikanda ya aina hizo mbili: mvuke ulipunguza au kukomesha kubweka kwa mbwa 8 kati ya 9, shoti kwa 4 kati ya 8. Ni mbwa wachache mno kwa mtu kutangaza ushindi, ila ilionyesha kwamba maumivu si sharti la mafanikio. Miaka mitano baadaye Deborah Wells, wa Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, akaongeza jambo la kuzingatia. Alifuatilia mbwa 30 kwa majuma matatu na kuona kwamba huzoea: kadiri siku zilivyopita mvuke ulipungua makali, hasa kwa waliovaa mkanda kila siku kuliko waliovaa siku moja na kuruka nyingine. Vifaa vya sauti nyembamba ambayo sisi hatuisikii nitavipita haraka. Mbwa husikia hadi karibu kilohezi 45, sisi tunaishia 20, kwa hiyo kimsingi inawezekana. Ila sauti isiyohusishwa na lolote mbwa huizoea upesi.

Uzio usioonekana ni tawi jingine la ukoo huu. Richard Peck, Mmarekani, alipata hataza yake mwaka 1973. Waya hufukiwa kuzunguka uwanja na kupitishiwa mkondo mdogo, na koili iliyo ndani ya mkanda huhisi mbwa anapoukaribia. Kwanza hulia mlio wa onyo, akiendelea hupigwa shoti. Ninaupenda ubunifu wa onyo, kwa sababu unampa mbwa nafasi ya kurudi nyuma kabla ya kuumia. Udhaifu wake uko upande wa pili wa waya. Mbwa aliyepandwa na hamu ya kufukuza kitu huvumilia pigo moja na kuvuka; hamu ikiisha, anarudi polepole na kukuta pigo lilelile linamzuia kuingia kwao. Na uzio huo haumzuii mwizi wala mbwa wa mtaani kuingia.

Kuhusu onyo, maabara zina la kusema. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzikomesha kwa lolote, baadaye wengi wao walikaa tu na kuvumilia hata njia ya kuzikwepa ilipofunguliwa. Mjini Hannover, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 uliwagawa mbwa 14 wa aina ya beagle katika makundi matatu. Waliopigwa walipogusa tu kile walichokuwa wakikifukuza hawakupandisha sana kortisoli, homoni ya msongo. Waliopigwa kwa kutotii amri waliipandisha, na waliopigwa ovyoovyo wakazidi. Mbwa anayeweza kubashiri pigo na kulikwepa si sawa na asiyejua linatoka wapi, na yule aliyelala kando ya ukuta yuko katika kundi hili la mwisho.

Watetezi wa mikanda husema mkononi mwa mkufunzi stadi haya hayatokei. Chuo Kikuu cha Lincoln nchini Uingereza kiliwapima kwa dai hilo: mbwa 63, wengi wao wakiwa na tatizo la kutorudi wanapoitwa, na wakufunzi wa mikanda waliopendekezwa na watengenezaji wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2014. Waliofunzwa kwa mkanda walionyesha dalili zaidi za wasiwasi, na hawakufaulu kuliko waliofunzwa kwa tuzo. Kwangu utafiti huo una uzito kuliko picha zote za kutisha zinazosambazwa, maana unaondoa utetezi wa mwisho: kwamba inauma lakini inasaidia.

Sheria zimechukua njia tofauti. Ujerumani ilizuia matumizi kupitia uamuzi wa Mahakama ya Utawala ya Shirikisho mwaka 2006. Wales ilipiga marufuku mwaka 2010, na watengenezaji walioipinga mahakamani mwaka huohuo walishindwa. England iliandaa katazo la mikanda ya rimoti pekee, lililopangwa kuanza Februari 2024, na halikuanza. Marekani kwa jumla inaruhusu, na huko biashara imesonga mbele: Garmin iliinunua Tri-Tronics mwaka 2011, na mwaka uliofuata ikatoa kifaa kinachounganisha shoti na ramani ya kumfuatilia mbwa kwa setilaiti.

Hata hivyo, baada ya vihisi, vichujio na setilaiti, bado mkanda haujui kwa nini mbwa anabweka. Hauwezi kumtofautisha mlinzi aliyesikia mtu anaruka ukuta na mbwa aliyechoka kufungwa mnyororo. Anayefuga mbwa wa ulinzi kisha akamvalisha mkanda wa kumnyamazisha amejinunulia hasara mara mbili. Mbwa anayebweka kwa hofu ya kuachwa peke yake huongezewa hofu juu ya hofu, na mwenye mbwa akirudi hudhani mbwa amepona kwa sababu kumetulia. (Anayetaka tu mbwa asiyebweka, yupo basenji wa misitu ya Kongo, ambaye hata hivyo hulia kwa namna yake, mlio wa kooni unaopanda na kushuka.)

Mikanda mingine siku hizi huhesabu mibweko na kuonyesha idadi, na hicho ndicho kipengele ninachokithamini kuliko vyote, maana hakihitaji shoti. Hata mkanda hauhitajiki: simu ya zamani ikiachwa irekodi sauti mchana kutwa inatosha. Kelele zikianza ndani ya nusu saa ya kwanza baada ya watu kuondoka, zikichanganyika na kulia kwa kuvuta sauti, hapo pana upweke, na tiba yake ni kumzoeza kubaki peke yake kidogokidogo, dakika chache kwanza. Zikija kwa vipindi, kila kipindi kikitanguliwa na mlio wa geti au hatua za wapita njia, jaribu kwanza kumhamishia uani nyuma au kuziba upenyo anaochungulia. Zikiwa za usiku tu, zikijibizana na mbwa wa mtaa mzima, mlaze ndani kwa siku chache usikilize kama zinapungua.