Jiko la Kigae na Jiko la Gesi: Lipi Lifaalo Ndani ya Nyumba?

Jiko la mkaa lililotiwa kigae cha udongo limejipatia katika miji ya Afrika Mashariki sifa ambayo nusu yake ni haki na nusu yake ni dhana. Haki ni kwamba jiko hilo hula mkaa kidogo kuliko seredani ya bati tupu tuliyoirithi kwa wazee wetu. Dhana ni imani, iliyoenea hata kwa watu wenye maarifa, kwamba chombo kinachopunguza gharama ya moto, na ambacho hakitoi moshi mbele ya macho, kimepunguza kwa kiasi kile kile madhara ya moto huo kwa mpishi na jamaa zake. Maadamu siku hizi familia nyingi za Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Unguja hujikuta dukani zikishauriana kati ya jiko la namna hiyo na mtungi wa gesi, yafaa tuyatazame majiko haya mawili kwa jicho la elimu, tukianza na joto lao, kisha hewa wanayoivuta wakaao karibu nayo.

Kazi ya kigae

Asili ya jiko hili si ya huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wataalamu na mafundi wa Kenya walichukua mfano wa jiko la ndoo litumikalo Thailand, wakalibadili umbo likawa na kiuno chembamba na kitako kipana ili lisipinduke ugali unaposongwa, na kazi ya kulifua bati la nje ikashikwa na mafundi wa jua kali. Katika nusu ya juu hukaa kigae cha mfinyanzi kilichochomwa tanurini, chenye matundu ya kupandisha hewa na kudondosha majivu, nacho hushikizwa kwenye bati kwa saruji iliyochanganywa na vermikulaiti, madini mepesi yazuiayo joto lisipite.

Faida ya mpango huo ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuunguzwa na ubavu wa seredani ya bati. Bati hupitisha joto upesi na kulitawanya ovyo, ilhali udongo uliochomwa hulizuia na kulirudisha kwenye makaa na chini ya sufuria. Kwa kadirio la kawaida, katika kila sehemu 100 za joto lililomo ndani ya mkaa, seredani ya bati hufikisha chakulani sehemu 20 hivi, na jiko la kigae lililotengenezwa vema hufikisha sehemu 30 au zaidi. Ndiyo maana husemwa kwamba huokoa theluthi moja ya mkaa, na pengine hata nusu yake.

Jiko la gesi huyapita yote mawili, kwa kuwa hufikisha sehemu 55 hivi, na fauka ya hayo kilo moja ya gesi ina takriban megajuli 46 za nguvu, ilhali kilo ya mkaa mkavu ina 30 tu. Tukizidisha tarakimu hizo tutaona kwamba kilo moja ya gesi huingiza sufuriani megajuli 25 hivi, kilo ya mkaa katika jiko la kigae huingiza 9, na katika seredani ya bati huingiza 6. Basi mtungi wa kilo 6 hufanya kazi ya kilo 17 za mkaa katika jiko la kigae, au kilo 25 katika bati tupu. Msomaji na achukue bei za mtaani kwake, aziweke kando ya hesabu hii, naye atapata jibu lake mwenyewe bila ya kumtegemea mwuzaji. Asisahau pia kwamba mkaa una deni jingine msituni, kwani katika matanuri ya kufukiwa kwa udongo hutumika kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja tu.

Lakini hesabu ya mwaka ni jambo moja, na hesabu ya leo jioni ni jambo jingine. Mkaa huuzwa kwa kopo, naye mwenye kipato cha kibarua hununua wa siku moja, hali gesi humtaka atoe fedha za mtungi mzima kwa mkupuo. Tanzania, ambayo katika mkakati wake wa mwaka 2024 hadi 2034 imekusudia asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, haiwezi kulikwepa fumbo hilo. Na mita za kulipia gesi kidogo kidogo, ambazo zimeanza kuonekana Dar es Salaam na Nairobi, ni jaribio la kulifumbua.

Hewa isiyo rangi wala harufu

Sasa tuje kwenye afya. Hewa ipandayo kutoka chini ya jiko hukutana na makaa mekundu, oksijeni yake ikaungana na kaboni kufanya kaboni dayoksaidi. Lakini gesi hiyo, ikizidi kupanda katikati ya makaa yenye joto kali, hutwaa kaboni nyingine na kugeuka kuwa kaboni monoksaidi, ambayo ni sumu. Vile vindimi vya buluu tuvionavyo vikicheza juu ya makaa si pambo la moto, bali ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua inapokutana na hewa mpya. Sufuria baridi ikiinjikwa karibu mno na makaa, au makaa yakivikwa majivu na joto lake kushuka, vindimi hivyo hufifia, na gesi ambayo ingeungua huponyoka ikaenea chumbani, isionekane wala isinuswe.

Kigae hakiwezi kuitangua sheria hiyo ya maumbile. Kazi yake ni kulinda joto, wala si kuisafisha hewa. Na ipo hali ambayo wema wake wenyewe hugeuka kuwa hatari. Mpishi mwekevu huufunga mlango mdogo wa chini ili mkaa usiishe upesi, na kwa kufanya hivyo huunyima moto hewa, ikazidi sehemu ya kaboni inayotoka ikiwa haijaungua barabara. Tena kwa kuwa udongo hushika joto muda mrefu, makaa hubaki hai saa nyingi baada ya chakula kuiva, na katika baridi ya Juni na Julai ya Limuru, Njombe au Lushoto, jiko hilo zuri lisilo moshi huingizwa chumbani kupasha joto, mlango ukafungwa, watu wakalala. Hapo ndipo misiba hutokea.

Sababu yake imo katika damu. Hemoglobini, ambayo ndiyo ibebayo oksijeni kutoka mapafuni, huvutwa na kaboni monoksaidi kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, ikawa gesi hiyo, hata ikiwa kidogo hewani, hukaa katika nafasi ya oksijeni kama mpangaji asiyetaka kuhama. Mtu huumwa kichwa, akashikwa na kizunguzungu, kichefuchefu na ulegevu, dalili ambazo ni rahisi kuzidhania homa au uchovu wa mchana. Na aliye usingizini huenda asizipate kabisa kabla ya kuzimia. Mimba iko katika hatari zaidi, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hutegemea oksijeni ya mama yake. Aliyepatwa na dalili hizo karibu na jiko la mkaa atolewe nje mara moja na kufikishwa hospitali, ambako dawa ya kwanza ni oksijeni yenyewe.

Fauka ya gesi hiyo kuna chembe laini za moshi, ambazo hupita pua na koo zikatua ndani kabisa ya mapafu. Mkaa hutoa chembe chache kuliko kuni, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo dakika za kuwasha, hasa wakati watu wanapochochea kwa mafuta ya taa au mifuko ya plastiki, hutoa moshi mbaya sana. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo wa hewa, na kwa kadirio lake moshi wa majumbani ulihusika na vifo milioni 3.2 ulimwenguni katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Maradhi yenyewe ni kichomi cha watoto, kiharusi, maradhi ya moyo, maradhi sugu ya mapafu na saratani yake.

Gesi nayo ina masharti yake

Haitakuwa insafu kuyataja madhara ya mkaa na kuyanyamazia ya gesi. Gesi ya mtungini ni propani na butani zilizoshindiliwa hata zikawa maji, nazo zikipata hewa ya kutosha huungua kwa ndimi za buluu na kuacha masizi machache mno; ndimi zikiwa za manjano na kuitia sufuria weusi, ni alama kwamba matundu yameziba na jiko lataka kusafishwa. Hata moto mzuri wa gesi hutoa kiasi cha naitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasumbua wenye pumu, kwa hiyo dirisha liachwe wazi.

Hatari kubwa, hata hivyo, ni uvujaji. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, nayo hutambaa sakafuni na kutuama pembeni. Ikifikia takriban sehemu 2 hadi 10 katika kila 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Kwa kuwa kwa asili haina harufu, huchanganywa na merkaptani, kemikali yenye uvundo mkali, ili pua ipate habari mapema. Mtungi usimame wima wala usilazwe; mpira wake ukaguliwe na kubadilishwa ukianza kupasuka; viungio vijaribiwe kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti; na harufu ikisikika, ufungwe mtungi, yafunguliwe milango na madirisha, wala taa isiwashwe wala kuzimwa.

Basi tofauti ya hatari hizi mbili ni hii: ile ya gesi hutokea ghafla, lakini hutanguliwa na onyo, na mkono mwangalifu waweza kuizuia, ilhali ile ya mkaa haina onyo lolote, tena hutokana na jiko lililo zima na linalofanya kazi yake kama lilivyoundwa.

Mishkaki na nyama choma

Wapenzi wa mishkaki hawatakubali kwamba gesi yaweza kuushinda mkaa, nao wana hoja. Gesi inapoungua hutoa mvuke mwingi wa maji, na mkaa, ambao ni kaboni karibu tupu, hutoa joto kavu lenye mng'ao mkali, liikaushalo nyama upesi na kuitia rangi. Lakini sehemu kubwa ya ile harufu inayowasimamisha wapita njia haitoki kwenye mkaa uliokwisha kukolea, bali kwenye mafuta ya nyama yanayodondokea motoni na kurudi juu kama moshi. Na moshi huo huo hubeba benzopireni na jamaa zake, kemikali zinazosababisha saratani, uwe moto ni wa mkaa au wa gesi. Hivyo mchomaji apunguze mafuta, anyanyue wavu, aigeuze nyama mara kwa mara, aikolezee ndimu na viungo mapema, na vipande vilivyoungua avitupe. Akichomea uwanjani, kigae kinamfaa bila lawama kubwa.

Kwa muhtasari, aliye na uwezo wa kununua na kuutunza mtungi apikie gesi ndani, na jiko la kigae aliweke uani au barazani kwa maharage, makande na nyama za kuchoma, maana nyumba nyingi huyatumia yote mawili na hakuna ubaya kufanya hivyo kwa mpango. Asiye na uwezo huo achague kigae badala ya bati, aliwashe nje hadi makaa yakolee, apikie penye upepo, aloweke maharage tangu usiku na kufunika sufuria ili moto uwe mfupi, wala asiliingize jiko chumbani hata makaa yakionekana yamekufa. Anunuaye jiko la kigae amenunua akiba ya mkaa, nayo ni akiba ya kweli; asidhani kwamba katika bei ile ile amenunua na ruhusa ya kulifungia mlango.