Hadubini yatenganisha seli za mgomba na za binadamu

MWANAFUNZI wa Bukoba akibandua ngozi nyembamba ya jani la mgomba na kuiweka chini ya hadubini ya mwanga, ataona seli zimepangana kama matofali, kila moja na ukuta wake. Seli zilizokwanguliwa ndani ya shavu lake hazina ukuta huo. Hutawanyika ovyo, kila moja na kiini chake.

Damu ina mambo yake. Chembe nyekundu za binadamu zikikomaa hupoteza kiini. Ndiyo maana huko Muleba, wilaya iliyokumbwa na mlipuko wa malaria mwaka 2006, mtaalamu wa maabara akiona pete ya buluu yenye nukta nyekundu ndani ya chembe iliyotiwa rangi na kukuzwa mara 1,000, haidhanii kuwa kiini: ni kimelea, na mgonjwa anahitaji dawa.