Kipuri Kipya, Tairi Limelala

Gari linaingia garaji likigonga upande wa mbele kila linapopita shimo. Fundi anabadilisha mauntingi, kile kikalio cha mpira na chuma kinachoshika kichwa cha shokapu chini ya boneti, na mlio unakwisha. Kesho yake mwenye gari anasimama mbele ya gari lake, anaona tairi la kushoto limesimama wima na la kulia limelala, juu likiingia ndani. Lawama ya kwanza humwangukia muuza vipuri: mauntingi ni feki. Kwa dereva wa Rumonge, Burundi, anayeishi kwa barabara ya kitaifa nambari 3, akipanda Bujumbura kilomita zipatazo 75 na kurudi, hukumu hiyo maana yake ni kununua mauntingi mengine na kulipa kazi ileile mara mbili. Mara nyingi hukumu hiyo si ya haki, na hesabu ndogo inatosha kuonyesha hivyo kabla spana haijashikwa.

Magari mengi madogo yanayobeba watu na mizigo kwenye ufukwe huu wa ziwa, Probox na Corolla za Toyota zikiwemo, yana mguu wa mbele wa mtindo uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle MacPherson na kujulikana kupitia Ford Consul ya Uingereza ya mwaka 1950. Shokapu ndani ya springi huwa nguzo yenyewe ya gurudumu. Juu nguzo hiyo inashikwa na mauntingi, na mauntingi inafungwa kwenye bodi kwa nati, aghalabu tatu. Chini inaungana kwa bolti mbili na chuma kinachobeba habu ya gurudumu, na chuma hicho kinakalia mkono wa chini. Mwinamo wa tairi unaamuliwa na sehemu hizo zote kwa pamoja, na ili kubadilisha mauntingi fundi kwa kawaida hufungua zile bolti mbili za chini, akatoa nguzo nzima, akabana springi, ndipo akafikia kipuri chenyewe. Kwa hiyo aliyebadilisha mauntingi amegusa sehemu mbili: ya juu inayoonekana na kulaumiwa, na ya chini inayosahauliwa.

Sasa tupime uzito wa kila moja. Kutoka mauntingi hadi kiungo cha mkono wa chini kuna sentimita 65 hivi. Ili tairi liiname digrii moja zaidi, kichwa cha shokapu kinapaswa kuhama zaidi ya sentimita moja kwenda ndani au nje. Mauntingi iliyokosewa kiasi hicho ingeonekana kwa macho mezani ikiwekwa kando ya ile ya zamani, na pengine bolti zake zisingeingia kwenye matundu ya bodi. Bolti mbili za chini, kwa upande wao, zimeachana kwa sentimita sita tu. Hapo nusu milimita ya nafasi kati ya bolti na tundu lake inatosha kubadili mwinamo kwa karibu nusu digrii, na milimita moja inakaribia digrii nzima. Nafasi ya namna hiyo ipo tangu kiwandani, maana bolti haiwezi kupita kwenye tundu lisilo na nafasi, na kutu na miaka ya mashimo huiongeza. Ikiwa nyumba ina mlango mmoja unaofunguka kwa ufunguo wowote, mwizi hatafutwi kwanza darini.

Kosa lenyewe hutokea kimya. Gari likiwa juu ya jeki, habu na breki huning'inia, na uzito wake huvuta sehemu ya juu ya gurudumu itoke nje. Fundi akikaza bolti katika hali hiyo upande mmoja, na upande wa pili akakaza huku msaidizi akisukuma gurudumu kwa ndani ili bolti ipenye, amekwisha kutengeneza pande mbili zisizolingana kwa vipuri vizima kabisa. Wala si uzembe mkubwa. Ni kazi ya mkono bila kipimo.

Mtu atasema: lakini kabla ya kubadilisha gari lilikuwa sawa, basi kipuri ndicho kilicholeta tofauti. Kazi ndiyo iliyoleta tofauti, na kipuri ni sehemu moja tu ya kazi hiyo. Hata hivyo pingamizi hili lina ukweli ndani yake. Yako magari ambayo tundu la mauntingi halipo katikati, na mauntingi ikigeuzwa au ya kushoto ikifungwa kulia, mwinamo hubadilika kweli. Tena ncha ya springi isipokaa kwenye ngazi yake, upande huo husimama juu kuliko mwenzake na tairi huinama tofauti. Mambo haya mawili hukaguliwa haraka: linganisha mkao wa mauntingi kushoto na kulia, kisha pima kimo kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi: gari linakwenda moja kwa moja, halivuti, kwa nini nihangaike? Gari huvuta upande ambao tairi lake limetoka nje zaidi kwa juu. Burundi huendesha kulia, na barabara hujengwa na mgongo katikati ili mvua iteremke pembeni, kwa hiyo kila gari husukumwa kidogo kwenda kulia, upande wa ziwa likielekea Rumonge na upande wa milima likirudi Bujumbura. Ikiwa tairi la kushoto ndilo lililotoka nje, linavuta kushoto, na mgongo wa barabara unarudisha kulia. Nguvu mbili zinafutana, dereva anashika usukani kwa raha, huku ukingo mmoja wa tairi ukiliwa. Kwa anayenunua matairi ya okazioni, ambayo yameshatumika nusu ya umri wake, ukingo huo hufika kwenye nyaya upesi. Usukani si shahidi wa kutegemewa hapa.

Shahidi wa kutegemewa ni timazi, na hapa ndipo udhuru wa fundi kwamba hana mashine ya kompyuta ya kupimia mwinamo unapokosa nguvu. Ondoa mizigo, maana madebe ya mawese nyuma huinua pua ya gari na kubadili mwinamo. Jaza upepo sawa, nyoosha usukani, sukuma gari mbele na nyuma mita chache ili likae. Ning'iniza timazi kando ya gurudumu bila kugusa tairi, upime umbali kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu, kisha hadi ukingo wa chini. Kwa rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 6 ni digrii moja hivi. Kama huamini usawa wa uwanja, geuza gari likae palepale likitazama lilikotoka, pima tena, na chukua wastani wa vipimo viwili vya kila tairi. Mteremko wa ardhi utajifuta wenyewe. Kwa magari yake mengi ya namna hii Toyota hukubali tofauti ya kushoto na kulia isiyozidi dakika 45, ambayo ni robo tatu ya digrii, karibu milimita 5 kwenye rimu hiyo.

Tofauti ikizidi hapo, legeza bolti mbili za chini, sukuma juu ya gurudumu upande unaotakiwa, kaza kwa nguvu iliyoagizwa, shusha, pima upya. Nafasi isipotosha, zipo bolti maalumu zenye kiuno chembamba zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Kupanua tundu kwa grainda ni ufundi wa aibu, kwani kilichobaki kushika mwinamo ni msuguano peke yake. Tairi moja likikataa kurudi, tafuta chuma kilichopinda: shokapu, mkono wa chini, au chuma cha habu. Na ikiwa la kulia limezidi kuingia ndani kwa kiasi kilekile ambacho la kushoto limezidi kutoka nje, shuku krosimemba, kile chuma cha kukingama kinachobeba mikono ya chini, kuwa imesogea, labda kwa pigo la zamani. Alaimenti ya mwelekeo wa matairi ije mwisho kabisa, kwa sababu kila badiliko la mwinamo huiharibu.

Kwa hiyo, ndugu dereva, kabla hujatoa pesa ya mauntingi ya pili, mwombe fundi akuandikie namba nne kwenye karatasi: mwinamo wa kushoto na wa kulia, kimo cha kushoto na cha kulia. Akishindwa kukupa namba hizo, usimruhusu afungue tena gari lako.