Kona Mia Nne za Kupanda Cilaos

Mdomoni mwa handaki dereva alisimamisha gari, akapiga honi mara mbili, akashusha kioo na kusikiliza. Handaki lina njia moja tu, limechongwa kwenye mwamba mtupu, na basi likipita humo nafasi kati ya kioo cha pembeni na ukuta haizidi kiganja. Hakukuwa na jibu. Tukaingia. Tulipofika katikati zikatokea taa za basi mbele yetu.

"Yakhe, hapa anayerudi ni mdogo," alisema. Alikuwa Mngazidja aliyewahi kuishi Unguja, na Kiswahili chake kilikuwa bado cha Darajani. Akarudi kinyumenyume hadi nje bila haraka, basi likapita likituchungulia, na abiria wakatupungia mkono kama vile ni jambo la kila siku. Kwao ni la kila siku.

Tulikuwa kisiwani Réunion, tunapanda kwenda Cilaos. Kisiwa hiki kimekuwa mkoa wa Ufaransa tangu 1946, kipo mashariki ya Madagaska, na ukubwa wake, kilomita za mraba 2,512, unakaribiana na Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Kufanana kwenyewe kunaishia hapo. Unguja hakuna kilima cha kumtoa mtu jasho. Réunion, ukiwa umesimama kwenye mchanga na miguu ikiwa majini, kilele cha Piton des Neiges mara nyingi kipo chini ya kilomita 30 kutoka ulipo, nacho kina mita zipatazo 3,070. Ndicho kirefu kuliko vyote katika Bahari ya Hindi.

Wageni huja kuendesha gari kwa ajili ya mandhari. Mimi ni mhandisi wa barabara, na niliona kitu kingine ambacho vipeperushi vya utalii havikisemi: kwenye kisiwa cha volkano, mandhari ni mlima unaobomoka. Maporomoko ya maji, magenge, mabonde yenye kuta za kutisha, vyote ni kazi ya mvua inayoumega mlima. Barabara nayo lazima ipite humo humo, kwa sababu bonde lililochimbwa na maji ndiyo njia pekee ya kuingilia ndani.

Mlima wa Piton des Neiges haujalipuka kwa zaidi ya miaka 10,000. Maji yameuchimba hadi kuacha mabakuli matatu makubwa kuuzunguka: Cilaos, Salazie na Mafate. Mafate mpaka leo haina barabara. Watu wanaishi humo, wana shule na maduka, lakini anayetaka kwenda anatembea kwa miguu au anapanda helikopta. Jina Cilaos hufasiriwa kutokana na Kimalagasi, mahali ambapo mtu hapaachi, na waliolipa jina hilo maana ni watumwa waliotoroka mashamba ya pwani. Hapa historia inatugusa. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya visiwa vya Wafaransa huku. Uwanda wa juu unaovuka katikati ya kisiwa unaitwa Plaine des Cafres, na hilo neno la mwisho ni lile lile "kafiri" tulilolipokea kutoka kwa Waarabu. Njia za kwanza za milimani hapa zilikanyagwa na watoro, na hawakuwa wakitafuta mandhari.

Barabara ya gari ilianza kujengwa 1927 na kufunguliwa 1932. Kabla ya hapo, Wazungu waliokwenda kuoga kwenye chemchemi za maji moto za Cilaos walibebwa kwenye viti mabegani mwa watu. Inasemekana barabara hii ina kona zaidi ya 400. Niliacha kuhesabu mapema, kwa sababu za tumbo.

Kwa nini zote hizo? Hesabu yake ni nyepesi. Cilaos ipo kama mita 1,200 juu ya bahari. Gari lenye mzigo hupanda vizuri mwinuko wa asilimia saba au nane; ukizidisha, lori linakwama na breki zinaungua wakati wa kushuka. Kwa asilimia nane, mita 1,200 zinahitaji kilomita 15 za lami hata kama kijiji ungekiona karibu kiasi cha kukirushia jiwe. Ukuta wa bonde hauna nafasi ya kilomita 15 zilizonyooka, kwa hiyo mhandisi anaikunja barabara kama mtu anayekunja kamba ndefu aitie kwenye kikapu kidogo. Kuna mahali nafasi iliisha kabisa, barabara ikazungushwa ikapita juu yake yenyewe kwa daraja. Ukiangalia chini unaona lami uliyopita dakika moja iliyopita.

Kona yenyewe ina siri. Upande wa ndani ni mfupi kuliko wa nje, lakini zote mbili zinapanda kimo kile kile, kwa hiyo anayepita ndani anapanda mlima mkali zaidi. Ndiyo maana mjenzi mzuri hulaza barabara kidogo penye kona. Na magurudumu ya nyuma ya basi hayafuati ya mbele, hukata ndani. Dereva wa basi asiyetaka kugonga mwamba lazima ameze njia yote, yako ikiwemo. Ukimwona amekujia upande wako usimtukane, msubiri. Wakati wa kushuka shuka na gia, kama unavyoshuka mlima Kitonga: gia utakayoipandia ndiyo utakayoishukia. Ukisikia harufu ya breki umeshachelewa, simama.

Lakini kona siyo adui mkubwa wa barabara hii. Adui ni mvua. Machi 1952, wakati wa kimbunga, Cilaos ilipimwa mvua ya milimita 1,870 kwa saa 24. Dar es Salaam kwa mwaka mzima hupata kama milimita 1,100. Februari 2007, kimbunga Gamede kilipopita, kituo cha kreta ya Commerson juu milimani kilipima milimita 3,930 kwa siku tatu, kiwango ambacho hakuna mahali pengine duniani palipowahi kukipima. Mawingu yanayosukumwa na pepo za kusini-mashariki yanagonga mlima, yanalazimika kupanda, yanapoa na kumwaga yote. Upande wa magharibi, ulio nyuma ya mlima, unabaki mkavu kiasi cha kuota nyasi za njano. Gari linatoka msituni kuingia ukame ndani ya saa moja.

Gamede hicho hicho kiliangusha daraja la mto Saint-Étienne, kule kusini-magharibi. Watu hudhani daraja huangushwa na maji yanayolisukuma. Mara nyingi maji hulichimba: yanakwangua mchanga chini ya nguzo mpaka nguzo inabaki imesimama juu ya hewa.

Kwa hiyo nilipokuwa nikipanda Cilaos wenzangu walikuwa wakipiga picha bonde, mimi nikaangalia kuta za mawe zinazoshikilia barabara. Karibu na chini kila ukuta una vitundu vidogo vya kutolea maji. Udongo wa nyuma ya ukuta ukijaa maji unakuwa mzito, na maji yenyewe yanasukuma, na ukuta uliohesabiwa kubeba udongo peke yake unapasuka. Kulikuwa kumenyesha usiku. Vitundu vingi vilikuwa vinadondosha, vingine vimeota ukoka wa kijani kwa miaka ya kudondosha. Hivyo ndivyo navipenda. Kimoja kilikuwa kikavu kabisa, na juu yake lami ilikuwa na ufa mwembamba uliopinda kama mwezi mchanga. Nilimwonyesha dereva. Akanijibu kwamba ule ufa ameuona tangu mwaka jana, na kwamba akifika pale huwa hapumziki.

Salazie nitaipita haraka, ingawa ni nzuri kuliko zote kwa macho: kijani mpaka inachosha, maporomoko kila upande, na moja linalodondokea juu ya barabara yenyewe, gari linaoshwa bure. Wenyeji wamelipa jina la Kifaransa ambalo mhariri wangu hataruhusu nilitafsiri.

Upande wa kusini-mashariki mambo ni tofauti, kwani huko mlima haujamaliza kujengwa. Piton de la Fournaise, wenye mita 2,632, ni miongoni mwa volkano zinazolipuka mara nyingi zaidi duniani, na lava yake huteremka kwenye mteremko mpana usio na watu unaoitwa Grand Brûlé, hadi baharini. Barabara ya pwani inakatiza mteremko huo. Aprili 2007 lava iliifunika, sehemu nyingine kwa unene wa makumi ya mita. Wahandisi walisubiri, wakasawazisha, wakatandika lami juu ya mwamba ambao ndani ulikuwa bado moto. Kwa miaka kadhaa mvua ikinyesha mvuke uliinuka pale. Haukuwa uamuzi wa kijinga. Kuzunguka hakuwezekani, na lava ikishapoa ni basalti, jiwe lile lile tunalolivunja kupata kokoto. Kando ya barabara kuna mabango yenye mwaka wa kila mkondo. Mweusi mtupu ni wa karibuni. Wenye kuvu nyeupe-kijivu ni wa zamani kidogo. Wenye madole ya mimea ya jamii ya kangaga ni wa zamani zaidi. Mbele kidogo, Piton Sainte-Rose, lava ya 1977 ilizunguka kanisa na kuliacha. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, lakini nilivua kofia.

Magharibi kuna barabara kuu ya njia nne iliyofunguliwa 2009, Route des Tamarins, inayoruka makorongo kwa madaraja ya kupendeza. Kazi safi. Haina cha kusimulia.

Nilichotaka kukiona zaidi ni kile kipande cha kaskazini kati ya Saint-Denis na La Possession, kilomita kama 12 chini ya genge lililosimama wima, bahari ikipiga upande wa pili. Barabara ya pwani ilifunguliwa hapo 1963, ikapanuliwa kuwa njia nne 1976. Genge lile ni tabaka juu ya tabaka: basalti ngumu, chini yake takataka laini za volkano, kisha basalti tena. Mvua inalichimba lile laini, gumu linabaki linaning'inia, halafu linaanguka. Wamelivisha nyavu za chuma. Ikinyesha, magari huhamishiwa njia za upande wa bahari na foleni inafika mbali. Machi 2006 kipande kikubwa kiliporomoka, watu wawili wakafa.

Ikaamuliwa barabara ihame genge, iende baharini. Daraja la kilomita 5.4 likajengwa, nguzo zake zikiletwa na tishari lenye miguu minane lililoitwa Zourite, yaani pweza kwa Kikrioli cha huko. Lilifunguliwa Agosti 2022. Sehemu iliyobaki ilipangwa kuwa tuta la mawe ndani ya maji, na hapo ikatokea kinaya kinachonichekesha mpaka leo: kwenye kisiwa cha mawe, mawe yakakosekana. Kila palipopendekezwa kuchimbwa, wenyeji walikataa. Tuta likakwama, na daraja likaishia Grande Chaloupe, katikati ya safari.

Tulipita jioni. Juu ya daraja dereva alikuwa akiongea, akinisimulia bei za samaki Moroni. Tulipofika Grande Chaloupe na kushuka kwenye barabara ya zamani, nyavu zikiwa juu ya vichwa vyetu, alinyamaza katikati ya sentensi. Nilimtazama. Bahari ilikuwa upande wetu, jua linazama ndani yake, na yeye alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kioo cha mbele, anaangalia juu.